Sura ya Saba: Jiwe Lililoganda Kiooni

Tangi la samaki la mtumba hujulikana kabla hujauliza bei. Karibu na ukingo wake wa juu, pale maji yalipokuwa yakifika, pana mkanda mweupe unaozunguka kuta zote nne. Mahali pengine mkanda huo ni utando mwembamba tu. Mahali pengine ni gamba nene lenye mikwaruzo ya watu waliolijaribu wakashindwa. Chini yake imeshuka michirizi ya matone yaliyokauka. Muuzaji atakwambia huo ni uchafu, utatoka kwa sabuni. Mnunuzi anafika nyumbani, anasugua kwa sabuni ya kipande, anasugua kwa sabuni ya unga, mwishowe anachukua waya wa kusugulia masufuria. Jioni mkanda bado upo, na kioo kimepata mikwaruzo ambayo asubuhi haikuwapo.

Nasema tangu mwanzo: ule si uchafu, ni jiwe. Uchafu huondoka kwa kusuguliwa, jiwe huondoka kwa kuyeyushwa. Mwenye kulijua hilo atalirudishia tangi kuukuu uangavu wake kwa siki ya jikoni na subira ya usiku mmoja au miwili. Asiyelijua ataharibu kioo kizuri kwa nguvu za mikono yake mwenyewe, kisha alitupe tangi ambalo lingewafaa watoto wake.

Jiwe lilifikaje pale?

Mvua inaposhuka huokota hewa ya ukaa kidogo angani, na inapopenya ardhini huokota nyingi zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua humo usiku na mchana. Maji yenye hewa ya ukaa huwa asidi. Ni asidi dhaifu mno, lakini ikikutana na mwamba wa chokaa huula taratibu. Kalsiamu iliyokuwa sehemu ya mwamba huingia majini ikayeyuka, isionekane tena kwa macho. Maji ya namna hiyo ndiyo tunayoyaita maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika la chai hujaa magamba ndani.

Safari hiyo ina kurudi. Maji yakipoteza hewa yake ya ukaa, yakipashwa moto au yakikauka, chokaa hukosa cha kuishikilia, ikarudi kuwa jiwe. Aliyeingia katika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, ameiona kazi hiyo kwa ukubwa wake: mawe yanayoning'inia kutoka juu na mengine yanayoinuka kutoka chini, yote yamejengwa na matone. Kemia ya pango ndiyo kemia ya tangi la samaki. Kinachotofautiana ni ukubwa wa kazi na urefu wa muda.

Tangi lenyewe huiharakisha kazi hiyo kwa njia kadhaa. Kwanza, maji hukauka. Pale uso wa maji unapogusa kioo, unyevu hupanda kidogo, hukauka, hupanda tena, na kila mara huacha chembe za chokaa nyuma. Pili, pampu ya hewa hurusha matone madogo ukutani na kwenye kifuniko, na kila tone hukaukia pale lilipotua. Tatu, kipasha joto huyapa moto maji yanayokizunguka, na chokaa, tofauti na chumvi nyingi tuzijuazo, huyeyuka kwa shida zaidi maji yanapokuwa ya moto. Ndiyo maana kijiti cha kipasha joto huvaa koti jeupe. Nne, mimea ya majini ikipata mwanga mkali hunyonya hewa ya ukaa ili ijitengenezee chakula, na maji yaliyonyang'anywa hewa hiyo hutua chokaa hata kwenye majani.

Mwambao wa Afrika Mashariki unalijua jambo hili vizuri. Sehemu kubwa ya Unguja na kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao mwamba wa matumbawe ni chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe hayo, zikashikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma. Anayejaza tangi lake kwa maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba huo anaingiza nyumbani jiwe lililoyeyuka, hata kama maji ni meupe na hayana taka.

Tufanye hesabu ndogo. Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za chokaa katika kila lita, na maji yenye zaidi ya miligramu 180 kwa lita kwa kawaida huhesabiwa kuwa magumu sana. Chukua tangi linalopoteza lita 10 kwa wiki kwa kukauka, na mwenye nalo anajazia maji ya miligramu 250. Kila wiki anaongeza gramu mbili na nusu za chokaa. Kilichokauka kilikuwa maji matupu. Chokaa haipai angani, imebaki. Wiki 52 zikipita, gramu 130 za jiwe zimeingia tangini bila mtu kuona hata punje. Haba na haba hujaza kibaba, na humu kinachojaa ni mawe.

Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika wana mzigo zaidi. Samaki wa ukoo wa sikilidi, ukoo ule ule wa perege na sato, wamezaliana ziwani humo kwa aina nyingi sana, na huvuliwa wakiwa hai na kupelekwa Ulaya, Marekani na Asia kwa ajili ya matangi ya nyumbani. Wamo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa Neothauma, ambayo yamelundikana kwa wingi katika sehemu za sakafu ya ziwa. Maji ya Tanganyika si ya asidi hata kidogo: kwenye kipimo cha pH hukaribia 9, na yamebeba madini mengi. Basi anayewafuga samaki hao mahali penye maji laini huyafanya magumu kwa makusudi, akitia mchanga wa matumbawe au chumvi za madini. Samaki hunawiri, na kioo huvaa chokaa upesi. Kwake mkanda mweupe si dalili ya uzembe. Umekuja na maji ambayo samaki wake wanayahitaji.

Pima kabla hujashika kitu

Si kila weupe kiooni ni chokaa, na dawa ya hiki haiponyi kile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Osha sehemu ndogo ya mkanda kwa maji, ikaushe kwa kitambaa, kisha dondoshea siki nyeupe tone moja na uangalie kwa karibu. Vikitokea viputo vidogo vinavyopanda, umeshapata jibu: asidi inaila kabonati, yaani chokaa yenyewe, na viputo hivyo ni hewa ya ukaa ile ile iliyolibeba jiwe hapo mwanzo. Chokaa kuukuu iliyokaza sana huchelewa kutoa viputo, kwa hiyo ngoja dakika chache kabla ya kutoa hukumu. Pitisha ukucha: chokaa huwa na kingo zinazosikika, kama kitu kilichobandikwa juu ya kioo.

Viputo visipotokea kabisa, yako mengine ya kufikiria. Rangi ya kahawia au ya chungwa ni kutu ya chuma, na hupatikana sana kwenye maji ya visima virefu. Hiyo huondolewa vizuri na asidi ya ndimu kuliko na siki. Weupe usio na viputo unaweza kuwa silika, madini yale yale yanayounda mchanga na kioo chenyewe; siki haiwezi kuigusa. Na weupe usiosikika kwa ukucha, ambao hutoweka kioo kikilowa na kurudi kikikauka, huenda si kitu kilichobandikwa. Huenda ni kioo chenyewe kilicholiwa. Tutarudi hapo.

Kosa la waya na mchanga

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini, Mjerumani Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ngazi kumi kufuatana na ugumu wake: lililo gumu hulikwaruza lililo laini. Chokaa iliyoganda iko kwenye ngazi ya 3. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Punje za mchanga wa kawaida, ambazo nyingi ni kwazi, ziko kwenye 7.

Kanuni nzima ya kusafisha kioo imo katika namba hizo tatu. Kifaa cha kukwangulia kiwe laini kuliko kioo: kadi ya plastiki, kwa mfano, au kipande cha mbao ngumu, baada ya chokaa kulainishwa na asidi. Mchanga umeipita ngazi ya kioo. Tumezoea kusugua masufuria kwa mchanga na majivu, na sufuria la alumini huvumilia, mikwaruzo yake ikahesabiwa kuwa ni kung'aa. Kioo hakivumilii. Punje moja ya mchanga iliyonasa kwenye sponji itachora mstari kutoka upande hadi upande, na mstari huo hautafutika kwa siki wala kwa maombi. Waya wa kusugulia una hatari ile ile, maana hubeba chembe za mchanga na kutu za kazi za jana.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, toa changarawe yote, suuza tangi kwa maji mengi, futa pembe zote kwa kidole. Tumia sponji mpya isiyowahi kuingia jikoni. Hatua hii inachosha kwa kuwa haionyeshi matokeo, lakini ndiyo inayokiokoa kioo.

Tangi likiwa la akriliki, yaani plastiki angavu, uangalifu uwe maradufu. Akriliki ni laini kuliko kioo na hukwaruzika hata kwa wembe. Siki ya jikoni haiidhuru, lakini dawa za madirisha zenye amonia au spiriti huiletea nyufa ndogondogo zisizopona. Gonga ukuta kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali, akriliki kwa sauti nzito.

Siki, muda na unyevu

Siki nyeupe ya dukani huwa na asidi ya asetiki ya karibu asilimia 5. Asidi hiyo ikikutana na chokaa huivunja: kalsiamu huyeyuka na kuingia majini, hewa ya ukaa hutoka kama viputo, na jiwe linakuwa halipo tena. Watu wengi wanajua siki inafaa, lakini wanaitumia namna isiyoweza kufaa. Wanapulizia, wanafuta, wanapulizia tena, halafu wanasema siki ni uongo.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Lita moja ya siki hiyo ina gramu 50 hivi za asidi, na hata ikitumika yote hadi tone la mwisho haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 40 na kitu za chokaa. Mililita tano zilizopulizwa zinaweza kuyeyusha karibu moja ya tano ya gramu, na kabla hazijamaliza kazi zimeshatiririka chini. Zile gramu 130 za mwaka mmoja, kama zote zingeganda kiooni, zingehitaji zaidi ya lita tatu. Hakuna haja ya asidi kali zaidi. Kinachotakiwa ni siki ya kutosha, iliyotulia mahali pamoja, kwa muda wa kutosha.

Namna ya kulipata hilo ni kulilaza tangi. Likiwa tupu kabisa, tandika blanketi au taulo nene mezani au sakafuni, kisha lilaze tangi ubavu, ukuta mmoja uwe chini. Wawe watu wawili kama tangi ni kubwa, na lisinyanyuliwe kamwe likiwa na maji: lita 100 ni kilo 100, na uzito huo hupasua viungo. Ukuta uliolala sasa ni sakafu, na siki haiwezi tena kuukimbia. Tandaza karatasi laini za kufutia mikono, au vitambaa vya pamba, juu ya mkanda wa chokaa. Zimwagie siki hadi zilowe chepechepe. Kisha funika kwa nailoni ili zisikauke. Acha saa nzima kwa utando mwembamba, usiku kucha kwa gamba nene.

Ukifunua, suuza na upime kwa kadi ya plastiki. Chokaa iliyokubali hutoka kama tope au vipande laini. Iliyobaki irudishie karatasi mpya na siki mpya. Siki isiyotoa tena viputo imechoka. Asidi yake imekwisha, na kuiacha palepale ni sawa na kuacha maji. Kuibadilisha kila baada ya saa chache kuna faida kuliko kuiacha siku mbili bila kuigusa. Ukuta mmoja ukikamilika, geuza tangi, uanze wa pili. Bandu bandu huisha gogo.

Siki ya vuguvugu hufanya kazi haraka kuliko ya baridi, lakini ishie kwenye vuguvugu. Kitu cha moto kikimwagwa kwenye kioo cha baridi, kioo hupasuka.

Pale siki inapokawia, ndimu ina msaada. Asidi ya sitriki, ile inayoifanya ndimu iwe kali, huuzwa ikiwa unga kwa matumizi ya vyakula na vinywaji. Gramu 100 katika lita moja ya maji hutoa dawa yenye uwezo mkubwa kuliko siki, na haina harufu ya kujaza nyumba. Nayo ina sharti lake: ikiwa nzito mno au ya moto, inaweza kuungana na kalsiamu na kuacha unga mweupe mpya, ambao mtu atadhani ni chokaa iliyokataa kutoka. Itumie ikiwa ya baridi na usuuze mara kwa mara. Maji ya ndimu yaliyokamuliwa yanafaa kwa doa dogo. Kwa tangi zima ni gharama bure.

Wembe uje mwishoni, si mwanzoni. Kioo kiwe kimelowa, wembe uwe mpya, ulazwe karibu sambamba na kioo, na usukumwe kuelekea upande mmoja tu, bila kwenda na kurudi. Kila baada ya mikwanguo michache ufutwe, maana kipande kigumu kikinasa chini yake huchora mstari. Kwenye pembe, kaa mbali na silikoni. Ile gundi nyeusi au angavu inayoshikanisha kuta ndiyo roho ya tangi, na mkato mdogo usioonekana leo ni uvujaji wa mwezi ujao. Siki yenyewe haina ugomvi na silikoni iliyokwisha kauka. Silikoni nyingi za matangi hutoa mvuke wa asidi hiyo hiyo ya asetiki zinapokuwa zinakauka, ndiyo maana fundi akiunga kioo chumba hunuka siki.

Kazi ikiisha, suuza mara kadhaa mpaka harufu iishe, simamisha tangi mahali tambarare, ulijaze maji na uliache siku nzima juu ya karatasi kavu. Karatasi ikibaki kavu, viungo ni vizima.

Na kama samaki wamo ndani? Basi usitafute ukamilifu. Punguza maji hadi yashuke chini ya mkanda, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki kisha kukamuliwa, malizia kwa kitambaa cha maji. Siki ikimwagika kwa wingi majini hula ile kabonati inayoyashikilia maji yasigeuke kuwa ya asidi ghafla, na samaki huumizwa na mabadiliko ya ghafla kuliko na chokaa iliyotulia kiooni.

Mambo ya kuachana nayo

Hapa naomba msomaji asiende haraka. Asidi za viwandani zinazouzwa madukani kwa kusafishia vyoo na vigae, ambazo nyingi ni asidi ya hidrokloriki, huyeyusha chokaa kwa dakika chache. Pia huunguza ngozi, hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu, na hula chuma chochote kilicho karibu. Kazi inayoweza kufanywa na siki usiku mmoja haistahili kulipiwa kwa jicho la mtu.

La pili ni kali zaidi: usichanganye asidi yoyote, hata siki au ndimu, na dawa ya klorini ya kuondolea madoa ya nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Chumbani mwenye madirisha yaliyofungwa kiasi kidogo tu kinatosha kumlaza mtu hospitali. Ukitaka kuua vijidudu kwa klorini, ifanye siku nyingine, baada ya siki yote kusuuzwa.

La tatu halina hatari, ni kupoteza tu: magadi ya kuokea pamoja na siki. Povu lao linapendeza macho, lakini hiyo ni asidi ikimalizwa na magadi kabla haijaifikia chokaa. Tumia siki peke yake.

Tangi likiwa la zamani kweli

Kuna matangi kuukuu ya miaka michache, na kuna yaliyozeeka kwa maana kamili. Mwaka 1832, huko Sicily, Jeanne Villepreux-Power alitumia masanduku ya kioo kuchunguza pweza wa argonauti wakiwa hai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kiliwasha shauku ya kufuga viumbe wa majini majumbani mwa Waingereza. Matangi ya karne hiyo, na mengi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, yalikuwa na fremu za chuma, na vioo vyake vilikaziwa kwa lami au kwa simiti ya mafuta. Matangi yanayosimama kwa silikoni peke yake yalienea baadaye sana, katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Ukipata tangi la fremu ya chuma, usililoweshe kwa siki kama nilivyoeleza. Asidi itakula fremu na kuipa kutu mpya, na simiti za zamani wakati mwingine zilitiwa risasi, madini yenye sumu ambayo asidi huweza kuyatoa. Hapo siki iguse kioo tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa, mbali na kingo. Ifutwe upesi na kazi irudiwe mara nyingi. Tangi la namna hiyo likisafika, kulifanya kabati la kuwekea mimea ni uamuzi wa hekima kuliko kulirudishia samaki.

Kioo kilicholiwa

Wakati mwingine chokaa yote hutoka na ukungu unabaki. Kioo cha kawaida kimetengenezwa kwa silika, magadi na chokaa, na si kitu kisichobadilika. Maji yakikaa juu yake kwa miaka hunyonya magadi yaliyomo usoni mwake, na maji yenye pH ya juu, hasa kuanzia 9, huanza kuivunja hata silika. Uso uliokuwa laini huwa na vishimo vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, lakini kwa pamoja hutawanya mwanga, nasi tunaona ukungu. Chini ya gamba lililokaa kwa miaka ukungu huo ni wa kutarajiwa.

Hakuna asidi salama itakayourudisha uso huo. Asidi inayokula silika ni ya hidrofloriki, na hiyo hupenya ngozi hadi kwenye mifupa na imeua watu; isifike nyumbani kwa sababu yoyote. Njia iliyopo ni kung'arisha kwa unga wa oksidi ya seriamu, ambao mafundi wa vioo vya magari huutumia, kwa pedi iliyolowa na kwa mkono mwepesi, kioo kisipate joto. Ni kazi ya saa nyingi kwa eneo dogo. Ikiwa ukungu uko ndani ya mkanda wa juu tu, kuna jambo rahisi kuliko hilo: jaza maji yaupite. Kioo kilicholiwa kikilowa hung'aa, kwa sababu maji huvijaza vile vishimo na mwanga hupita karibu bila kutawanyika.

Kuzuia kwa kanuni moja

Aliyesoma hadi hapa ameshaona chanzo cha mambo yote. Kinachotoka tangini kwa kukauka ni maji matupu, sisi tunakirudishia maji yenye jiwe. Basi tutenganishe kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kujazia ni kurudisha kilichokauka, na kwa hilo yanafaa maji yasiyo na madini: maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, maji ya mvuke uliopozwa, au maji ya mvua. Mvua ikikingwa kwenye mabati, manyunyu ya kwanza yaachwe yapite na vumbi lake. Kubadilisha maji ni kutoa sehemu ya yaliyomo na kutia mapya, na hapo ndipo ugumu unaowafaa samaki huingizwa. Hata mwenye samaki wa Tanganyika, anayehitaji maji magumu, hujazia kwa maji laini na kubadilisha kwa maji magumu. Akifanya hivyo madini hayalundikani, na samaki wake hawapungukiwi.

Kifuniko hupunguza kukauka. Kitambaa chenye maji, kikipitishwa mara moja kwa wiki kwenye mstari wa maji, huondoa chokaa ingali changa, kabla haijapata siku za kuganda. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na aliyeifanya mwaka mzima hatahitaji siki wala wembe.

Tangi lenye mkanda mweupe, basi, lisihesabiwe kuwa limekwisha. Kagua viungo vya silikoni, tafuta nyufa, dondoshea siki tone moja. Viungo vikiwa vizima na viputo vikipanda, lichukue; weupe ule utaondoka.